Umewekewa Windows 11? Iweke sawa kabla haijamaliza bando lako

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo narekodi kwa simu, nimeiegesha juu ya rundo la vitabu kwa sababu nataka muone vidole vyangu kwenye kibodi na sio kioo peke yake, maana video nyingi mtu anakwambia bonyeza hiki bonyeza kile halafu hujui kabonyeza vipi. Mkisikia mlio kwa nyuma ni jenereta ya kinyozi hapa jirani, mtanisamehe.

Toka Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 naletewa sana kompyuta zilizowekewa Windows 11, na mwenyewe analalamika, nzito, inakula bando, Start imehamia wapi sijui. Mimi naona hivi: Windows 11 sio mbaya, ila inakuja imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani isiyoisha na umeme usiokatika. Sasa wewe unaunga hotspoti ya simu na bando la GB moja. Kwa hiyo kabla ya njia za mkato na mbwembwe zingine tuanze kwa kuiambia ukweli kwamba hii intaneti tunanunua.

Unga hotspoti yako kwanza. Halafu shika kitufe cha Windows, hiki chenye alama ya kidirisha hapa chini kushoto, ukiwa umekishika gonga herufi I. Settings hiyo imefunguka, hakuna haja ya kuhangaika na mausi. Nenda Network & internet, ingia Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako palipoandikwa properties, shuka chini kidogo, unakiona hiki, Metered connection, kiwashe. Basi. Kuanzia hapo apdeti nyingi kubwa hazitajishusha zenyewe ukiwa umeunga hapo, na OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo inasimamisha kupakia mafaili yako huko juu. Nimesema nyingi, sijasema zote, apdeti ndogo za muhimu zinaweza kupita. Na usisahau kwamba hii inashika kwa jina la mtandao mmoja mmoja, ukibadilisha jina la hotspoti au ukiazima simu ya mdogo wako unairudia upya, watu wengi hapo ndio wanapopigwa halafu wanasema ulitudanganya.

Ukitaka kujua mla bando ni nani, bado uko Network & internet, ingia Advanced network settings halafu Data usage. Inakuonyesha programu moja moja na kiasi ilichokula. Juzi nilimfungulia mama mmoja mwenye steshenari, tukakuta mchezo wa mwanawe ndio ulikuwa unajishushia apdeti kila jioni, na yeye alishagombana na mtandao wa simu wiki nzima.

Kingine kwenye hilo hilo la bando, Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Kompyuta yako inaweza kugawana apdeti na kompyuta zingine. Kama uko peke yako kazime. Ila kama ofisini au shuleni mko na kompyuta nyingi kwenye ruta moja usizime, chagua ile ya mtandao wa ndani tu, yaani local network, moja ikishashusha zile zingine zinachota kwake badala ya kila moja kwenda kuvuta intaneti upya. Kwa chumba cha kompyuta kumi hiyo sio pesa ndogo.

Na apdeti zenyewe jamani msizikimbie moja kwa moja. Kwenye Windows Update kuna Pause, unaweza kusogeza mpaka wiki tano, tumia hiyo, halafu siku ukiwa sehemu yenye waifai ya bure ya uhakika unaachia zishuke zote. Mtu anayezima apdeti mwaka mzima halafu anachomeka flashi ya kila mtu, huyo sina cha kumsaidia.

Haya, Start. Imekaa katikati, wengi mnataka irudi kushoto kama zamani. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale chini kwenye mstari wenye programu, sehemu iliyo wazi, Taskbar settings, shuka mpaka Taskbar behaviors, Taskbar alignment, weka Left. Sekunde kumi.

Kingine kinachoudhi ni ile menyu ya kitufe cha kulia. Ukibonyeza faili inakuja menyu fupi, vitu ulivyozoea havipo, inabidi ubonyeze Show more options ndio vije. Sasa angalieni mkono wangu wa kushoto, nimeshika Shift, halafu ndio nabonyeza kitufe cha kulia juu ya faili... umeona, menyu ya zamani imekuja yenyewe. Na kwenye hii menyu mpya kopi na kata na futa zipo ila wameziweka kama vipicha vidogo, kwa hiyo usidhani zimeondolewa. Kubadili jina la faili usihangaike na menyu kabisa, lichague, gonga F2, andika. Kama F2 inapunguza sauti au mwanga badala ya kufanya hiyo kazi, shika na Fn pamoja, laptopu nyingi ziko hivyo.

Tumefika kwenye njia za mkato sasa, na sitawapa hamsini, mtu hashiki hamsini. Kama leo utaondoka na moja tu basi ondoka na hii: Windows na V. Kila mtu anajua Ctrl C na Ctrl V, lakini ukikopi kitu cha pili kile cha kwanza kinapotea si ndio. Shika Windows gonga V, mara ya kwanza itakuuliza uiwashe, bonyeza Turn on. Kuanzia hapo inakumbuka vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, maandishi na picha. Nakopi jina hapa, nakopi namba ya simu, nakopi anuani, sasa naenda kwenye fomu, Windows V, nachagua jina, Windows V, nachagua namba. Kama unajaza fomu za watu steshenari hii peke yake itakupunguzia nusu ya safari za kwenda na kurudi. Kale kapini pembeni kanakifanya kitu kibaki hata ukiristati, mimi namba yangu ya mlipakodi nimeipini toka mwaka jana. Lakini sasa, na hili nalisema kwa herufi kubwa, kompyuta ya watu wengi usiwashe hii, au ukimaliza bonyeza Clear all, kwa sababu paswedi uliyokopi inakaa humo humo na atakayekuja baada yako anaiona kama wewe unavyoiona.

Skrinshoti. Windows, Shift na S kwa pamoja, kioo kinafifia, unachora kipande unachotaka, kimeshakopiwa, nenda WhatsApp ya kwenye kompyuta pesti. Acheni kupiga kioo picha kwa simu, mnatuma vitu vyenye mistari mistari halafu mnasema fundi soma hiyo error.

Kugawa kioo mara mbili, Windows na mshale wa kushoto, programu inakaa nusu, unachagua ya pili ikae nusu nyingine. Mwanafunzi anayesoma PDF huku anaandika, hii ndio yako. Ukitaka mgawanyo wa tatu au nne, Windows na Z, inakupa michoro yenye namba unachagua. Kwenye 11 hapa kwa kweli walifanya kazi nzuri, nawapa haki yao.

Zingine haraka haraka, Windows E mafaili, Windows D inaficha kila kitu ukaona kioo cha mwanzo, Windows L inafunga kompyuta ukiamka kwenda kula, Windows A inaleta waifai na bluetooth na mwanga, Windows P ukichomeka projekta. Projekta ikionyesha kioo cheusi na watu mia wamekaa wanakuangalia, usitetemeke, Windows P, chagua Duplicate.

Sasa hii inawasumbua wenye laptopu za mtumba za kutoka Uingereza. Unabonyeza Shift na 2 unategemea @ inakuja alama ya kufungua na kufunga semi, na ukitafuta @ unaikuta kule pembeni karibu na Enter. Kibodi haijaharibika! Windows inadhani una kibodi ya Uingereza wakati vitufe vyako ni vya Marekani, au kinyume chake. Shika Windows gonga nafasi, ile ndefu, kama ziko mbili zitabadilishana. Kama iko moja tu, Settings, Time & language, Language & region, kwenye zile nukta tatu za English ingia Language options, ongeza kibodi inayolingana na vitufe vyako, US kama @ imechorwa kwenye 2, halafu ile nyingine iondoe. Kuna mtu aliwahi kuuziwa kibodi mpya kwa tatizo hili, akalipa na pesa ya ufundi juu.

Tuje kwenye kukwama. Kioo kimeganda au kimekuwa cheusi lakini kompyuta unasikia inapumua. Kabla hujashikilia kitufe cha kuwashia, jaribu hii ya vitufe vinne: Windows, Ctrl, Shift na B. Naonyesha taratibu, vidole vitatu kushoto, B kwa kulia. Kimefifia kikarudi, na mmesikia kamlio. Hapo umewasha upya sehemu inayoendesha kioo tu, kazi yako uliyokuwa unaandika bado ipo palepale. Kama kilichoganda ni ule mstari wa chini na Start haifunguki, Ctrl, Shift na Esc, inakuja Task Manager, tafuta Windows Explorer kwenye orodha, bonyeza kitufe cha kulia, Restart. Mstari utapotea kidogo, usishtuke, unarudi. Na ukiwa humo humo ingia Startup apps, zile zote zilizoandikwa Enabled ambazo huhitaji ziamke pamoja na kompyuta zizime. Hii ndio dawa ya kwanza ya uzito, sio kununua RAM. Ingawa, tuseme ukweli, Microsoft wameandika GB 4 zinatosha, mimi nakwambia kwa GB 4 utakunywa chai mpaka iishe.

Kwa makosa ya ajabu ajabu, Windows na X, halafu gonga A, kubali Yes, linafunguka dirisha la kuandikia amri. Hapa unaandika sfc nafasi mkwaju scannow, yaani sfc /scannow, kama unavyoona kwenye kioo, Enter, unaiacha imalize. Inakagua mafaili ya Windows yenyewe na kurekebisha yaliyoharibika, umeme ukikatika katika mara nyingi mafaili yanaumia. Hii haitumii bando. Ile ndugu yake DISM ambayo mnaiona kwenye video za wengine, hiyo huwa inavuta mafaili mtandaoni, usiikimbize kwenye hotspoti bila kujipanga.

Jambo moja zito kidogo. Ingia Settings, Privacy & security, Device encryption. Kama iko On maana yake diski yako imefungwa kwa funguo ya tarakimu 48, na siku fundi akigusa BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya kuwashia kompyuta, au akabadilisha ubao, kompyuta inaweza kuwaka ikadai hiyo funguo. Usipokuwa nayo mafaili yamekwenda, hata mimi siwezi, hata fundi wa kule mjini unayemwamini hawezi. Kwa kawaida inatunzwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile uliyoingilia mara ya kwanza. Sasa kama akaunti ile alikufungulia kijana wa dukani kwa email yake, unaona tatizo lilipo? Niliwahi kuletewa laptopu ya mwalimu ina mitihani yote ya muhula, imedai funguo, na duka alikonunua hawakumbuki ni email gani walitumia. Mitihani ilitungwa upya. Simamisha video hapa, kaitafute funguo yako, iandike kwenye karatasi uiweke na vyeti vyako.

La mwisho. Fungua tena Task Manager, Performance, CPU, angalia hapa chini palipoandikwa Up time. Yangu inasema siku tisa. Lakini jana usiku nilizima! Ni kwamba ukibonyeza Shut down ya kawaida, Windows mara nyingi haizimi yote, inahifadhi sehemu yake ili kesho iwake haraka, kwa hiyo ile hitilafu ya jana unaamka nayo. Restart ndio inasafisha kweli. Na kama unataka kuzima kabisa, shika Shift, ukiwa bado umeishika bonyeza Shut down. Sio Restart, Shift na Restart inakupeleka kwenye kioo cha bluu cha matengenezo, ukifika huko kwa bahati mbaya bonyeza Continue utoke.

Nafanya na yangu mwone. Kidole kiko kwenye Shift... Start... alama ya kuzima... Shut down. Kesho itachelewa kidogo kuwaka kuliko kawaida, ndivyo inavyotakiwa. Kioo hicho kimezima. Nabaki na simu tu hapa, na jenereta ya kinyozi.