Jinsi ya kushua boti Mto Ohio kwa trela

Karibuni ndugu zangu. Leo tuko Cox Park, Louisville, kwenye mteremko wa umma wa kushushia boti Mto Ohio. Wengi wenu mmekulia kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu, na chombo mnakijua. Kigeni hapa ni trela, basi twende nalo taratibu.

Kwanza, usiteremke. Simama huku juu kwenye maegesho umalize maandalizi yote, maana mteremko ni wa wote na wenzako wako kwenye foleni.

Anza na kizibo. Hiki hapa, chini kabisa ya tezi, yaani nyuma ya boti: kipande cha shaba kama kidole gumba, na raba yake. Kikaze mpaka kigome. Kikisahaulika, boti inajaa maji mkiwa bado gatini. Fungua mikanda ya tezi, lakini ndoano ya winchi (roda ya kuvutia boti kwenye trela) na mnyororo wa usalama kule omo, yaani mbele ya boti, usiviguse. Funga kamba ndefu omo. Chomoa waya wa taa za trela, maana glopu ya moto ikiingia maji baridi hupasuka.

Jaketi la kuokolea ni moja kwa kila mtu. Sheria ya Kentucky inamtaka mtoto wa chini ya miaka 12 alivae boti ikiwa majini. Mimi nawaomba hata watu wazima mvae: maji haya yana tope, aliyezama haonekani.

Sasa rivasi. Shika usukani chini kabisa, hivi. Mkono ukienda kushoto, trela linaenda kushoto. Ukienda kulia, linaenda kulia. Kidogo kidogo. Likianza kukunjika usilazimishe, songa mbele linyooke, uanze tena.

Tezi ikianza kuelea, simama. Vuta breki ya mkono, weka kigingi nyuma ya tairi. Ukishuka, angalia miguu: hapa maji yanapogusa zege pana utelezi wa kijani. Watoto wabaki juu.

Hapa nisikilizeni vizuri. Shusha injini, iwashe, subiri uone maji ya kupoozea yakitoka. Ndipo ufungue ndoano na mnyororo. Mkondo huu unaelekea katikati ya mji, na mbele yake kuna bwawa la McAlpine. Boti iliyozimika inachukuliwa huko huko. Tena njiani kuna matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo, mara nyingi 15 yamefungwa pamoja na kusukumwa na meli moja. Nahodha wake hawezi kusimama ghafla kwa ajili yako. Kwa hiyo nanga ikae tayari na kamba yake, si chini ya mizigo. Na mvua kubwa ikinyesha huko juu, mto unashusha magogo mazima. Siku hiyo msiingie.

Mwenzako aivute boti kwa kamba hadi ubavuni mwa gati, wewe upeleke gari na trela kwenye maegesho.

Kutoka ni vivyo hivyo kinyumenyume: ndoano na mnyororo kwanza, kisha panda polepole hadi juu. Hapo toa kizibo, maji ya ngama, yaliyotuama chini ndani ya boti, yaishe, mwaga ya ndoo na ya tanki la samaki, ng'oa majani yaliyonasa kwenye trela. Kome wenye milia, waliogunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, wameenea mito mingi ya Marekani, na wachanga wao, wanaobebwa na maji yaliyobaki ndani ya boti, hawaonekani kwa macho. Iache boti ikauke angalau siku 5 kabla ya kuitia kwenye maji mengine.