Anayenong'ona Anamtaka Nani Asikie?

Mhadhara kwa walimu wa lugha na wafasiri, Kisumu

Walimu wenzangu, na nyinyi wafasiri mliotoka Siaya, Kakamega na Homa Bay, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie maneno ya Kiingereza yanayotaja sauti za chini: whisper, murmur, mutter, mumble, na nikipata muda, rustle na hum.

Nikisahihisha tafsiri za wanafunzi, naona yale manne ya kwanza yamegeuzwa kuwa kunong'ona. Mpenzi ananong'ona, mzee mwenye hasira ananong'ona, mtoto mwenye haya ananong'ona, na umati mzima uwanjani nao unanong'ona. Tatizo ni kwamba tumeyapanga kwa ukubwa wa sauti, kana kwamba ni redio inayoongezwa na kupunguzwa. Mimi nasema ukubwa wa sauti uwe jambo la mwisho kuuliza. Uliza kwanza koromeo linafanya nini, kisha uulize msemaji anamtaka nani asikie.

Wekeni vidole kooni. Semeni "baba" kama kawaida. Mnahisi mtetemo? Sasa nong'oneni neno hilo hilo. Mtetemo umetoweka, sivyo? Nyuzi sauti zimekaribiana lakini hazitetemi. Mnachosikia ni hewa inayopenya kwenye upenyo mwembamba. Mgeukie jirani, umnong'oneze "baba", halafu "papa". Naona mnacheka. Ghuna na sighuna, yaani sauti zenye mtetemo na zisizo nao, ambazo tunazisomesha kwa chaki na jasho, zimekaribia kuwa kitu kimoja. Na nyinyi mnaozungumza Kijaluo au Kiluhya, lugha zenye toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, mtajua kwamba mtetemo ukiondoka, toni nayo inadhoofika, na msikilizaji anabaki kuegemea muktadha.

Basi whisper ni namna ya kutoa sauti. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, mnong'ono wa kawaida hukadiriwa kuwa 30 hivi, na mazungumzo ya kawaida 60. Lakini waigizaji wa Kiingereza wana kitu wanachokiita stage whisper, mnong'ono unaofika hadi kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi. Jukwaani mhusika anajifanya anamwambia mwenzake siri, na watu wote waliolipa kiingilio wanaisikia. Sauti ni kubwa, lakini bado ni whisper.

Murmur ndilo linalotuponza zaidi, na lawama naipeleka kanisani. Wengi wetu tulilikuta kwanza katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, kitabu cha Kutoka sura ya 16, Waisraeli wanapomgeukia Musa jangwani kwa sababu ya njaa. Biblia ya Kiswahili ikasema walinung'unika, na hapo haikukosea hata kidogo. Sasa mwanafunzi aliyelelewa na aya hiyo anakutana na hadithi ya leo ambamo bibi harusi anasema neno sikioni mwa bwana harusi, na kitenzi ni murmured. Anaandika: bibi harusi alinung'unika. Ndoa imevunjika kabla keki haijakatwa.

Waingereza wa leo wameupa mzigo wa malalamiko kitenzi kingine, grumble, na hata tafsiri mpya za aya hiyo zinakitumia. Murmur ikabaki na sauti laini ya mfululizo, koromeo likitetema, maneno yakichanganyika kidogo: maji ya kijito, umati kabla ya hotuba, mtu na mpenziwe. Malalamiko yamebaki pembeni, kwa mfano mtu akikubali jambo without a murmur, yaani bila hata kuguna. Kwa bibi harusi wetu andika tu kwamba alisema kwa sauti ya chini, nyororo. Kwa umati, Kiswahili kina mvumo, na kinatosha. Na kwa wale wanaong'ang'ania kwamba neno hili lazima liwe la sauti ndogo, Kilatini, lugha lilikotoka, kilikuwa tayari kulitumia kwa ngurumo ya radi.

Nikiwa bado kanisani, angalieni Wafalme wa Kwanza 19:12, Eliya akiwa mlimani. Upepo ukapita, tetemeko, moto, kisha nini? Tafsiri ya 1611 inasema still small voice. Nyingine ya karne ya 20 inasema gentle whisper, mnong'ono wa upole. Nyingine tena inasema sound of sheer silence, sauti ya kimya kitupu. Kiswahili chetu kina "sauti ndogo, ya utulivu". Mimi nasimama na Kiswahili. Ukiweka whisper umeshaweka mdomo, na mdomo una mwenyewe. Sauti hiyo ilikuwa bado haijamwambia Eliya neno. Hiyo ya kimya kitupu ni nzuri kwa mshairi, lakini jaribuni kuisoma ibada ya saa tatu.

Mutter na mumble huwa tunazichanganya, ingawa hazina undugu wa karibu. Mwambie mwanafunzi aandike insha upya. Anachukua daftari, anageuka, na akielekea dawatini kuna maneno yanamtoka ambayo hukuyapata vizuri. Hiyo ni mutter. Ana kinyongo, na hataki usikie, au tuseme ukweli, anataka usikie nusu. Hapa ndipo kunung'unika kunapostahili, au kuguna kama maneno yenyewe hayakutoka. Sasa mwulize mtoto nani amevunja kikombe. Midomo haifunguki, maneno yanaishia kwenye shati. Hiyo ni mumble. Hana hasira na mtu, anamung'unya maneno. Anayemung'unya ukimwambia "sema vizuri" unamsaidia. Anayenung'unika ukimwambia hivyo unamchokoza.

Rustle sina mengi ya kusema. Ni majani makavu, karatasi, hariri, mafunjo ya Dunga upepo ukipita: yanachakacha. Ila magazeti yetu yakiandika cattle rustling, hakuna majani hapo. Ni wizi wa mifugo, maana iliyotoka Marekani katika karne ya 19.

Hum inahitaji jaribio moja zaidi. Fumbeni midomo, mvumishe wimbo wowote. Katikati ya wimbo zibeni pua. Umekatika! Hewa yote ilikuwa inapita puani. Lakini hum ni pia ya nyuki, na ya transfoma iliyo juu ya nguzo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kiini cha chuma ndani ya transfoma hujinyoosha na kurudi mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo mnaposimama chini yake mnasikia hezi 100. Hizo zote Kiswahili kinaziita kuvuma, na sioni haja ya kuazima.

Nimalizie na neno ambalo mmoja wenu ameniandikia kwenye kikaratasi: heart murmur. Anafanya kazi ya ukalimani hospitalini, na anauliza kama ni sahihi kusema moyo unanung'unika. Tangu 1933 madaktari wanatumia madaraja sita yanayotokana na kazi ya daktari wa moyo Samuel Levine: la kwanza husikika kwa shida, la sita husikika hata stetoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka kifuani. Yote sita ni murmur, ya chini na ya juu. Chanzo ni damu kupita moyoni kwa msukosuko, na kwa watoto mara nyingi haina madhara yoyote. Ukimwambia mama kwamba moyo wa mwanawe unanung'unika, ataelewa kwamba moyo una malalamiko, yaani unaumwa. Mwambie daktari amesikia mvumo damu ikipita moyoni, kisha umwache daktari mwenyewe aseme kama una shida au hauna.

Haya, maswali. Mwalimu wa pale nyuma aliyeinua mkono kitambo, tafadhali.