Mbegu ya Shimo Jeusi: Tupige Hesabu Kwanza

Ndugu zangu, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo mazungumzo mengi kuhusu mashimo meusi, yale yenye uvutano mkali hata mwanga hautoki, hupotelea. Kwasa J0313–1806, yaani kitovu cha galaksi kinachong'aa mno kwa gesi inayoliwa na shimo, ina shimo jeusi lenye masi ya Jua mara bilioni 1.6, na tunaliona lilivyokuwa miaka milioni 670 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Kila ninapotaja hili hakosi wa kusema, "Si lilikula tu?" Hapana! Kula kuna mipaka.

Gesi ikianguka kuelekea shimoni hupata joto kali na kung'aa. Takriban asilimia 10 ya masi yake hugeuka mwanga. Mwanga huo huisukuma nje gesi inayofuata. Pale msukumo unapotoshana nguvu na uvutano ndipo kilipo kikomo cha Eddington. Shimo likila bila kupumzika kwa kiwango hicho, masi yake huongezeka maradufu kila miaka milioni 35 hivi. Ni riba juu ya riba, kama akiba ya sacco. Je, ulianza na kiasi gani? Shimo hilo la mwanzo ndilo naliita mbegu.

Shikeni kalamu. Tuseme nyota za kwanza zilikufa ulimwengu ukiwa na miaka milioni 100. Imebaki milioni 570, yaani maradufu mara 16, sawa na kuzidisha kwa 65,536. Shimo lililoanza na masi 100 za Jua litafika milioni 6.5, likilipita kidogo tu lile la katikati ya galaksi yetu, lenye milioni 4. Kufika bilioni 1.6 lazima uanze na karibu 25,000. Nyota gani ya kawaida huacha mabaki hayo? Hakuna. Tena nyota za kwanza zenye masi 140 hadi 260 zilipolipuka zilisambaratika zote, zisiache shimo lolote.

Mtasema kikomo kinavukika. Kweli, gesi ikiwa nzito mno hunasa mwanga wake yenyewe, na shimo likala kwa pupa kwa muda. Lakini angalieni lilipozaliwa: nyota ilipokuwa hai, mionzi yake ya urujuanimno (UV) ilishaifukuza gesi ya jirani. Shimo changa linaanza pakavu, na kwa wepesi wake linatangatanga mbali na kitovu cha galaksi. Nani atalilisha?

Ndiyo maana nashikilia mbegu nzito. Chukua wingu la haidrojeni na heliamu tupu, ulizuie lisipoe chini ya nyuzi 8,000 hivi za kelvini. Shida ni molekuli za haidrojeni: zikiundwa, gesi hupoa hadi nyuzi 200 hivi, inakatika vipande na kuzaa nyota za kawaida. Basi lazima galaksi ya jirani imwage urujuanimno wa kuzivunja. Ikiwa mbali mno, mwanga hautoshi. Ikiwa karibu mno, milipuko ya nyota zake italeta kaboni na oksijeni, na wingu litapoa vilevile. Mambo yakienda sawa, gesi humiminika kati kwa sehemu moja ya kumi ya Jua kila mwaka au zaidi. Nyota inayokua hapo huvimba, uso wake hubaki nyuzi 5,000 hivi, na mwanga wake haufukuzi chakula. Ikikaribia masi 100,000 za Jua, inajiporomokea na kuwa shimo.

Ushahidi je? Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani yetu ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Mwaka 2023 eksirei hizo hizo, zikipokewa na Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, zilifichua shimo la galaksi UHZ1, la miaka milioni 470 baada ya mwanzo. Masi yake inakadiriwa milioni 10 hadi 100, karibu sawa na nyota zote za galaksi yake. Katika galaksi za leo shimo huwa kama sehemu moja ya elfu. Mbegu nyepesi hailingani na picha hii kirahisi.

Njia nyingine za kupata mbegu, yaani nyota zinazogongana ndani ya vishada vya nyota, pamoja na mashimo ya tangu sekunde ya kwanza ya ulimwengu, tuziache kwa leo, muda umekwisha. Ila LISA, mtambo wa angani wa kunasa mawimbi ya uvutano, uliopangwa kurushwa mwaka 2035, utasikia mashimo ya masi 10,000 za Jua na zaidi yakiungana, na hapo tutaanza kuzihesabu mbegu zenyewe. Haya, maswali.