Altrawaidi ya bei poa au OLED ya hela ndefu? Kata boksi kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo tupo hapa Ipagala Dodoma na upepo mnausikia wenyewe, mkisikia bati linagonga msishtuke. Swali limekuja sana, mtu kadunduliza hela yake, anataka monita ya mezani, sasa achukue altrawaidi, ile monita pana kwenda pembeni, ya bei poa, au ajikaze mpaka afike kwenye OLED, ile yenye weusi wa kweli? Wengi wenu mnaanza na namba zilizoandikwa kwenye boksi la dukani. Leo tunaanza na meza yako na dirisha lako, namba tutazikuta mbele.

Hatua ya kwanza, tafuta boksi lolote kubwa, mi nimepata la TV ya jirani, na futi na mkasi. Kata kipande cha sentimita 80 kwa 33. Hiyo ndo altrawaidi ya inchi 34. Kata kingine 60 kwa 34, hiyo ni inchi 27 ya kawaida na OLED nyingi za mezani utazikuta kwenye saizi hiyo. Viegemeze ukutani juu ya meza, dogo sogeza kamera hapa, eeh hapo hapo. Mnaona kitu? Kwenda juu karibu zinalingana, altrawaidi imekuongezea pembeni tu, na hapa kwangu hiyo pembeni imeshafika kwenye kikombe cha chai na chaja ya simu. Kaa kwenye kiti chako kile kile cha siku zote, ukiona unageuza shingo kusoma kona ya kulia ujue meza yako ni nyembamba, usogee nyuma au uachane nayo.

Hatua ya pili fanya saa nane mchana, siyo usiku. Jua letu mnalijua. Fungua pazia kama unavyofungua ukiwa unafanya kazi afu zima TV uangalie kioo chake, ukijiona mpaka ndevu basi mwanga ni mwingi. Sababu ya kulipia OLED ni weusi wake, kila pikseli, yani kile kinukta kimoja cha picha, inawaka yenyewe na pakitakiwa pawe peusi inazima kabisa, sasa chumba kikiwa na mwanga mkali weusi huo unaliwa, na zile za aina ya QD-OLED ndo kabisa, weusi unageuka kijivu chenye kama zambarau. Yani umelipia giza afu umeliweka juani. Pazia zito linasaidia, lakini nani anafunga pazia mwezi wa kumi na moja na joto lile?

Tatu, jiulize skrini yako inashinda inaonesha nini. Hapa usijidanganye na ile game unayocheza Jumamosi. Kama we ni mtu wa ofisi za serikali kule Mtumba unarudi na ripoti nyumbani, au unashinda kwenye Excel, altrawaidi inakufaa mno, unaweka nyaraka mbili ubavu kwa ubavu, safu za Excel zinaonekana nyingi bila kuvuta vuta, na mnaoedit video za harusi taimulaini inanyooka yote. OLED kwenye kazi hizo ina mambo mawili. Herufi nyingine zinakuwa na ukingo wa rangi kwa sababu pikseli zake zimepangwa tofauti na Windows inavyotegemea. La pili ni kuungua, ule mstari wa chini wa Windows ukikaa pale pale masaa nane kila siku, pikseli za pale zinachoka kivyake na baadae unaona kivuli hata ukifungua muvi.

Ila ukiwa mtu wa usiku, muvi na game taa zimezimwa, hapo sibishani na wewe, chukua OLED. Monita ya bei poa yenye paneli, yani kioo, cha aina ya IPS kontrasti yake, yani weupe unavyozidi weusi, ni kama 1000 kwa 1, kioo cha aina ya VA kinafika kama 3000 kwa 1 lakini VA za bei rahisi vitu vyeusi vikikimbia vinaacha mkia kama masizi. Na kama unavitaka vyote viwili, upana na weusi, vipo, Alienware walitoa altrawaidi ya QD-OLED ya inchi 34 tangu 2022, sema hela yake ndo hiyo.

Nne, rezolusheni, yani idadi ya pikseli kwenda pembeni na kwenda juu, na hapa mi mwenyewe nimeshapigwa na haraka zangu. Niliona inchi 34 bei chee nikabeba bila kusoma, kufika nyumbani ni 2560 kwa 1080, herufi zimenenepa kama za bango, maana ukubwa wa pikseli ni sawa na inchi 27 ya Full HD. Kwa inchi 34 taka 3440 kwa 1440. Hiyo 2560 kwa 1080 iache kwenye inchi 29.

Tano, chungulia tundu la HDMI la laptopu, lile la kuchomeka waya wa monita. HDMI 1.4 ya laptopu za zamani kwenye 3440 kwa 1440 inakwama herzi 50 hivi au hata 30, yani picha inabadilika mara hizo tu kwa sekunde, mausi inakuwa nzito. HDMI 2.0 inavuta mpaka 100.

Mliochagua OLED sikilizeni hili. Tuna tabia ya kuzima soketi ukutani tukimaliza, eti uniti za LUKU. Usifanye. Ikiwa stendibai, yani imezimwa ila umeme bado unaingia, ndo inajisafisha pikseli zake, iachie dakika zake. Ficha ule mstari wa chini, weka skrini ijizime baada ya dakika mbili, na muulize muuzaji kama waranti inataja kuungua, kampuni kadhaa zinatoa miaka 3, akuandikie kwenye risiti. Na vumbi letu lina mchanga ndani, usifute kavu kavu, puliza kwanza, afu kitambaa laini chenye unyevu kidogo, spiriti weka mbali.

Kwenye bajaji boksi lisimame, usililaze. Haya dogo, zima kamera uje ushike upande wa pili.