Aliyezikwa Akirudi, Rambirambi Zetu Zinarudi?

NEEMA: Wangaluka, Mwanza! Na ninyi wa Bukoba, Musoma na Ukerewe, hamjambo. Mimi Neema, niko na kaka yangu Masanja.

MASANJA: Wangaluka. Hiyo honi ni ya kivuko cha Kamanga, msishtuke. Tumefungua dirisha, joto limetushinda.

NEEMA: Leo ni komiki. Mtu kafa, tumemlilia, halafu toleo la mbele yule pale anapaa. Masanja ana kinyongo cha siku nyingi.

MASANJA: Kikubwa! Nilikuwa darasa la sita. Pale Makoroboi kulikuwa na mzee anatandika vitabu chakavu juu ya kiroba. Nikatoa hela ya maandazi, nikapata Superman namba 75, ile iliyotoka Novemba 1992. Jalada lilishang'oka. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini lile toleo halihitaji Kiingereza: kila ukurasa ni picha moja tu, kubwa. Ngumi, ukurasa. Ngumi, ukurasa. Mwisho Lois Lane, mchumba wake, amempakata Superman, kafa, na joho limechanika, linapepea kwenye kipande cha mti.

NEEMA: Ukalia.

MASANJA: Nililia chini ya meza, mama asinione. Na kwa kuwa yule mzee hakuwa na toleo jingine, mimi kwangu Superman alikufa moja kwa moja. Miaka, dada! Nimefika sekondari ndiyo binamu yangu ananiambia mbona alirudi 1993? Hata mwaka haukuisha. Nilijisikia kama mtu aliyechanga rambirambi halafu akamkuta marehemu Kirumba anakula sato.

NEEMA: *(anacheka)* Na huko kwao Marekani waliuziwa toleo lile kwenye mfuko mweusi, ndani mna kitambaa cheusi cha kufunga mkononi. Msiba kamili.

MASANJA: Sasa ngoja la Robin wa pili, yule msaidizi wa Batman, Jason Todd. 1988 DC, kampuni ya Superman na Batman, waliweka namba mbili za simu: huku afe, huku apone. Kila simu senti 50. Waliosema afe 5,343, apone 5,271.

NEEMA: Kura 72!

MASANJA: Sisi tunachanga mtu akishafariki, wao walichanga kabla. Halafu 2005 wakamrudisha. Sasa zile senti 50 za watu?

NEEMA: Kuna msemo mashabiki walikuwa nao, kwamba kwenye komiki hakuna anayebaki kaburini ila watatu: Bucky rafiki wa Captain America, Jason Todd na Ben, mjomba wake Spider-Man. 2005 hiyohiyo, wawili wakatoka.

MASANJA: Akabaki Ben. Ambaye, samahani, si mjomba. Ni ndugu wa baba yake Peter, ndiye Spider-Man mwenyewe, kwa hiyo ni baba yake. Hawa watafsiri wetu!

NEEMA: Haya, baba. Alikufa 1962, na akirudi hadithi nzima inaanguka, maana Spider-Man amejengwa juu ya lile kosa la kumwacha apite mwizi aliyekuja kumuua Ben. Lakini Bucky mimi namtetea. Alirudi na mkono wa chuma, hajitambui, amegeuzwa muuaji anayetumwa na Warusi. Ed Brubaker alipomwandika hakufuta kifo, alikipa gharama. Captain America anampata rafiki yake na wakati huohuo anampoteza.

MASANJA: Huyo nakupa. Nusu.

NEEMA: Nusu?

MASANJA: Kwa sababu kwangu kasoro si kurudi, ni nani anaondolewa kitini. Chukua Flash, yule shujaa wa mbio. Barry Allen alikufa 1985, alikimbia mpaka mwili ukaisha, likabaki vazi. Wally West, mtoto wa ndugu wa mkewe, akalivaa. Miaka zaidi ya 20 kijana anajifunza kazi, anakosea, anaoa, anakuwa Flash kweli. 2008 Barry huyo, amerudi. Wally akasogezwa pembeni kama kondakta aliyerudiwa na mwenye gari.

NEEMA: Waliokua na Barry wameshakuwa waandishi, Masanja. Na mhusika ni mali ya kampuni, mwandishi ni mpangaji tu. Kila mpangaji anapaka rangi aliyoipenda utotoni.

MASANJA: Ndiyo maana namwonea wivu Madenge wetu wa jarida la Sani. Mtundu yuleyule, hafi, hakui, hakuna anayeuziwa msiba wake.

NEEMA: Lakini huyo ni wa kuchekesha. Wa kuchekesha hana haja ya kufa.

MASANJA: Sawa. Mimi nadai hivi: jina lirudi, mtu asirudi. Kama kwetu Usukumani. Mimi Masanja ni jina la babu mzaa baba, alifariki kabla sijazaliwa. Bibi mpaka leo ananiita mume wangu, ananiwekea kiti cha babu. Lakini hakuna siku amesema babu amerudi.

NEEMA: Na babu mwenyewe akitokea mlangoni?

MASANJA: Kwanza anikute nimekalia kiti chake?

NEEMA: Eeh.

MASANJA: Namwachia kiti. Ila anieleze wale ng'ombe, kwa sababu nilirithi jina na deni, ng'ombe sikuwaona.