Peni Mbili kwa Wiki: Tuwapeleke Watoto Rochdale

Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili jijini Manchester, kabla ya likizo fupi ya shule

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuacha nyumba zenu zenye joto mkaja kunisikiliza nikiongelea Rochdale, mji wa jirani lilikoanzia duka la ushirika ambalo kanuni zake zilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Wengi wetu tumeupita kwa treni tukielekea Leeds au Halifax, bila hata kuinua macho.

Naomba nianzie mbali kidogo. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Machame, Kilimanjaro, na namba yake ya uanachama katika chama cha msingi cha ushirika ilikuwa 417. Nikiwa na miaka saba niliijua namba hiyo kabla ya kuijua tarehe yangu ya kuzaliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kushika nafasi kwenye foleni ya mizani. Karani akiita, unajibu namba, kahawa inapimwa, kilo zinaandikwa kwenye kitabu chenye jalada gumu. Kitabu kile Mama alikiweka kwenye sanduku moja na kanga zake za sherehe. Kuna mwaka malipo ya pili yalichelewa mno, ada ikakosekana, dada yangu akakaa nyumbani muhula mzima. Sijasahau, na sitaki mdhani nimekuja kuwahubiria kwamba ushirika haukosei. Lakini mimi nilisomeshwa na kitabu kile. Kwa hiyo nilipofika Rochdale mara ya kwanza na wanangu, nikaingia kwenye kijumba cha matofali katika njia iitwayo Toad Lane, namba 31, nilishindwa kuongea. Mwanangu akaniuliza, "Baba, unalia?"

Chumba chenyewe ni kidogo. Ghorofa ya chini ya ghala la zamani, mbao zimelazwa juu ya mapipa kuwa kaunta, mizani, na bidhaa chache. Jioni ya tarehe 21 Desemba 1844, usiku mrefu kuliko yote katika mwaka, watu wa kawaida wa mji huu walifungua duka hapo. Vitu vya kuuza vilikuwa vitano: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Mzigo wote uliwagharimu pauni 16, shilingi 11 na peni 11. Watoto wa viwandani walikusanyika nje wakawazomea wazee wale wafumaji na duka lao tupu.

Historia inawataja waanzilishi 28 wa duka hilo la ushirika, na mtaji wa pauni 28, kila mmoja pauni yake. Siku hizo pauni moja ilikuwa na peni 240, na walianza kwa kukusanya peni mbili kwa wiki. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa peni mbili, mtu angehitaji wiki 120 kufikisha pauni moja! Baadaye wakapandisha mchango hadi peni tatu. Kina mama mliowahi kucheza upatu mnajua ugumu wa wiki ya kumi, sembuse ya mia.

Kwa nini walijibana hivyo? Rochdale ulikuwa mji wa sufu kabla pamba haijatawala. Walifuma kitambaa laini cha flaneli, na neno letu "fulana" asili yake ni jina la kitambaa hicho hicho. Mashine zikaja, ujira wa wafumaji wa mikono ukashuka, wakagoma, mgomo ukashindwa. Dukani nako kulikuwa na mtego. Mfanyakazi alikopa, deni likaandikwa, mwisho wa wiki mshahara unapita mkononi kama maji kwenye tenga. Na mwenye deni hachagui bidhaa: alipewa unga uliochanganywa na chaki, na mizani iliyochezewa.

Dawa yao ilikuwa ya aina tatu, na hapa naomba vijana wasikilize kuliko sisi tuliozeeka. Kwanza, hakuna kukopesha. Kwetu Tanzania kila duka la mtaa ni duka la Mangi, na Mangi ana daftari la madeni. Mnajua jinsi daftari lile linavyookoa nyumba mwezi wa kwanza na kuinyonga mwezi wa nne. Wao walisema fedha taslimu tu, hata kama inauma. Pili, bidhaa safi na mizani ya haki. Tatu, na hii ndiyo iliyoshinda, faida haikurudi kwa mwenye fedha nyingi. Iligawanywa kulingana na manunuzi ya kila mwanachama. Mama anayelisha watoto saba ananunua unga mwingi, basi gawio lake linakuwa kubwa. Kwenye mkutano kila mtu ana kura moja, awe na hisa moja au hisa hamsini.

Wanawake nao walipokelewa. Mwaka 1846 Eliza Brierley aliandikishwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya nchi wakati huo ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe, na ingebaki hivyo kwa miaka mingi bado. Halafu wakaweka chumba cha kusomea na maktaba juu ya duka, na kuanzia mwaka 1853 wakatenga asilimia mbili na nusu ya faida kwa ajili ya elimu. Fikirini muuza siagi anayenunua vitabu!

Kanuni zao zilisafiri. Zilivuka hadi Ulaya bara, India, na mwishowe kwetu. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925. Sheria ya ushirika ya Tanganyika ikapitishwa 1932, na mwaka uliofuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ikaandikishwa. Nataka niwe mwangalifu hapa. Sisemi Wachaga walifundishwa na Waingereza kusaidiana. Msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, ulikuwepo kabla ya mzungu yeyote kuuona mlima. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hamu yake ya kuwadhibiti wakulima kupitia sheria ile. Lakini kura moja kwa mtu mmoja, kitabu cha mwanachama, gawio, mkutano mkuu wa mwaka, fungu la elimu: vitu hivyo vya chama cha Baba mimi nilivikuta Toad Lane. Mwaka 1963 Moshi ikapata chuo cha ushirika, ambacho leo ni chuo kikuu. Nanyi Wakenya mlio hapa, SACCO zenu zilizowajengea nyumba Kitengela na Ruiru ni wajukuu wa chumba hicho hicho.

Siku ile nikiwa nimesimama mbele ya kaunta, mama mmoja mzee, mwenyeji, alikuja kusimama karibu yangu. Akaanza kutaja tarakimu, taratibu, kama mtu anayesali. Nikamuuliza. Akasema ni namba ya mama yake. Alipokuwa mtoto alitumwa kwenye duka la ushirika, na kabla ya kulipa ilibidi aitaje namba, ili gawio liandikwe pazuri. Mama yake amekufa miaka mingi, duka limefungwa, namba ipo. Nikamwambia yangu: mia nne kumi na saba. Tulisimama pale, yeye mjukuu wa wafumaji na mimi mtoto wa mkulima wa kahawa, tukaelewana bila maelezo mengi. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Sasa niwaonyeshe mji. Najua jina la Rochdale limebeba pia habari nzito za watoto waliodhulumiwa, na mzazi anayesita namwelewa kabisa. Ila wako watu wanaoishi pale, wanalea, wanasomesha, na mji wao una haki ya kutembelewa.

Kutoka Toad Lane mnashuka kwa miguu hadi Jumba la Mji, na nawaambia watoto wenu watanyamaza. Lilifunguliwa 1871, mchoro wa William Henry Crossland. Bajeti ya mwanzo ilikuwa pauni 20,000. Lilipokamilika lilikuwa limekula zaidi ya 150,000. Wakubwa wa viwanda walitaka dunia ijue wametajirika, na ilijua. Mnara wa kwanza, uliokuwa na kilele cha mbao, uliteketea kwa moto 1883, na huu mnaouona ni wa Alfred Waterhouse, yule yule aliyechora Jumba la Mji la Manchester. Ndani, inueni macho kwenye dari ya ukumbi mkubwa. Moshi na tumbaku viliififisha kwa zaidi ya karne, mpaka ukarabati uliomalizika 2024 ukairudishia rangi zake. Pale nje kuna sanamu ya Gracie Fields, mwimbaji aliyezaliwa mjini hapa 1898, juu ya duka la samaki na chipsi.

Mbele ya jumba hilo unapita mto Roch, na kwa watoto wadogo huo unashinda majumba yote. Mwanzoni mwa karne ya 20 mto ulifunikwa kwa zege, barabara zikapita juu, na vizazi vikakua bila kujua kwamba kuna maji chini ya miguu yao. Mwaka 2016 zege likaondolewa, mto ukapumua, na daraja la mawe la zama za kati likaonekana tena. Wangu wa mwisho aliganda ukingoni hapo nusu saa akitupa majani.

Kuna jambo moja zaidi la historia ambalo sitaki mlikose, kwa sababu linatuhusu sisi tulio weusi. Kuanzia 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza, meli za Kaskazini zilifunga bandari za Kusini na pamba ikakatika. Viwanda vya Lancashire, jimbo ambalo Rochdale ilikuwa ndani yake, vikasimama. Watu walikufa njaa ya kazi na ya chakula. Pamba ile ilichumwa na watumwa. Sio kila mtu wa Lancashire aliunga mkono upande wa Kaskazini, tusipambe. Lakini walikuwepo wafanyakazi wengi waliosema heri njaa kuliko pamba ya utumwa, na Rais Lincoln wa Marekani mwenyewe aliwaandikia wafanyakazi wa Manchester Januari 1863 kuwashukuru. Mwezi uliofuata meli iitwayo George Griswold ilitia nanga Liverpool ikiwa na mapipa ya unga kutoka Marekani kwa ajili ya wenye njaa. Pipa moja kati ya hayo limehifadhiwa Rochdale. Mwana wa mji huu, John Bright, mwenye kiwanda na mbunge, alipinga utumwa maisha yake yote, na Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa, alilala nyumbani kwake kama mgeni. Na mjue, hofu ya kutegemea pamba ya Marekani haikuisha. Mwaka 1902 wenye viwanda wa Lancashire waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, na mwaka uliofuata mbegu zikagawiwa Uganda. Pamba ya Buganda na njaa ya Rochdale ni kisa kimoja.

Mchana mwende Hollingworth Lake. Ni kituo kimoja tu kwa treni, mshuke Smithy Bridge, kisha mwendo mfupi. Si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa kulisha maji mfereji wa Rochdale, ule uliofunguliwa wote 1804 ukivuka milima ya Pennines. Reli ilipofika, wafanyakazi wa viwandani ambao hawakuweza kumudu safari ya baharini walilifanya bwawa hilo bahari yao, wakaliita bandari ya wafumaji. Kulikuwa na boti za mvuke na hoteli. Leo kuna njia ya kulizunguka, kama kilomita nne, aiskrimu, samaki na chipsi, na bata wasioogopa watu. Upepo wake ni mkali; watoto wavae koti hata kama jua linawaka.

Wenye watoto wanaopenda treni, Heywood ipo jirani, na kutoka hapo kuna reli ya treni za mvuke kupitia Bury hadi Rawtenstall. Wenye miguu yenye nguvu, bonde la Healey Dell lina maporomoko na daraja refu la reli ya zamani. Lakini msijaribu yote siku moja, mtarudi mnagombana.

Ushauri wangu wa mwisho ni huu. Treni kutoka stesheni ya Victoria hapa Manchester ni ya haraka. Tramu inapitia Oldham na inachukua muda mrefu, ila watoto huipenda. Anzeni Toad Lane asubuhi kabla hawajachoka, na angalieni kwanza saa za makumbusho, kwa sababu hayafunguliwi kila siku. Chakula cha safari yetu kisiwatie shaka, mama wa chapati nimekwisha kuongea naye. Na yeyote mwenye kitabu cha uanachama cha mzazi wake, cha kahawa, cha pamba, cha maziwa, cha SACCO, akibebe. Mimi nitakuja na cha Baba.