Nani Huambiwa Kwamba Huduma Ipo?

Wazee wetu, akina mama, vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Ngong Road.

Naanza na Marekani kwa sababu huko wamehesabu. Tangu 2003, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko huwahoji wananchi jinsi wanavyopata habari za afya. Wamarekani weusi na Walatino hutumia kidogo kuliko wazungu ile huduma ya mtandaoni ya kusoma majibu ya vipimo na kumwandikia daktari. Watu husema hawana intaneti, hawajui kompyuta. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini walipoulizwa kama daktari au muuguzi aliwahi kuwaeleza kwamba huduma hiyo ipo, hapo pia weusi na Walatino walikuwa nyuma. Hawakuambiwa!

Sasa sikilizeni hili. Kule New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, Dkt. Ethan Basch na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 766 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Baadhi yao waliripoti dalili kwa kompyuta: maumivu, kutapika, kukosa pumzi. Hali ikizidi, muuguzi anapata taarifa. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, ilikuwa miezi 26. Na matokeo ya awali ya utafiti huohuo yalionyesha kwamba waliofaidika zaidi, kwa mambo mengi, ni wale ambao hawakuwa wamezoea kompyuta. Mstari huo nimeurudia mara nyingi.

Turudi kwetu. Mama ametoka Lodwar kuja kupata kemo, yaani dawa za saratani, yuko kwenye benchi na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, mkononi. Sisi wahudumu tunaitupia jicho ile simu, tunaamua kimoyomoyo: huyu hataweza. Mimi pia nimewahi kufanya hivyo, na bado kunaniuma. Mama huyo anatuma pesa kwa M-Pesa, iliyoanza 2007 kwenye simu kama hizo, bila intaneti. Tukimtumia ujumbe wa kumuuliza dalili zake, atashindwaje kubonyeza 1 kwa homa, 2 kwa kutapika? Na homa ya mtu aliye kwenye kemo haingoji kliniki ya wiki ijayo.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hatujatuma ujumbe wowote. Kabambe ile huenda anaitumia pamoja na mumewe, au na mtoto wa shule. Siku ya kumsajili, tumuulize kwanza: mama, hii simu ni ya nani, na usiku inalala kwa nani?